Maombi ya Kuazimwa Watu Sita

Kijiji cha Kusumdara,
msimu wa mvua

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa viganja viwili vilivyokutana. Mimi ni Girdhari Lodhi, mkulima wa dengu, na ninaandika kuhusu basi letu ambalo bado halijazaliwa.

Kwanza. Kanuni yenu inasema barabara na basi ni kwa kijiji chenye watu mia tano. Sisi tuko mia nne themanini na saba. Kanuni hatuipingi. Karani wako alinieleza vizuri kabisa, bila hata kuinua macho kutoka kwenye chai yake: "Mzee, nyinyi ongezeni watu, sisi tutaongeza basi." Nikatembea kilomita tisa kutoka barabara kuu hadi nyumbani, nikawatangazia wenzangu wafanye bidii.

Pili. Bidii ipo, wachumba hawapo. Tuna vijana thelathini na mmoja wenye masharubu na wasio na wake. Zamani baba wa binti aliuliza habari za shamba, kisha nyati wa maziwa. Siku hizi anauliza, "Basi linafika mlangoni?" Akisikia halifiki, hata chai hamalizi. Mheshimiwa una elimu: hao thelathini na mmoja watatuongezaje peke yao?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kwetu mke huenda kumzaa mtoto wa kwanza kwa mama yake. Huko anazaliwa, huko anaandikwa, na vijiji vyenye basi vinavuna tulichopanda sisi. Mkamwana wangu Kranti alikwenda kwao Barkhera, kando ya barabara kuu, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto ana miezi saba sasa na sijamtia machoni. Mimi baba wa bwana harusi siwezi kuwafuata wakwe nyumbani kwao, heshima hairuhusu. Kranti ameniletea ujumbe: "Baba, nakuheshimu sana, lakini mwanangu simleti mahali ambapo mgonjwa anabebwa juu ya kitanda cha kamba."

Nikamtuma mwanangu Halke akawachukue. Naye kabaki huko huko, anakula kwa wakwe! Kwa kinyozi wananiuliza, "Vipi Kaka Girdhari, umemwoza Halke kama binti na hukutualika?" Nimeacha kunyoa.

Nne. Kwa hiyo tunaomba wafu wetu wasifutwe haraka. Baba yangu alikufa juu ya kitanda hicho, kikiwa mabegani mwetu, tumebakiza kilomita mbili tufike barabarani. Mtu aliyekufa akilifuata basi ni abiria, na abiria huhesabiwa. Wa namna hiyo tunao saba. Machozi yananitoka ninapoandika, lakini hesabu ni hesabu: tumefika mia nne tisini na wanne.

Tano. Waliobaki sita tuazimeni kutoka Barkhera. Wao ni elfu mbili, hawatagundua. Tutawalisha wali na dengu kwa samli, na siku basi litakapoanza tutawarudisha kwa basi hilo hilo. Ikishindikana, wahesabiwe nyati wetu, wawili kwa mtu mmoja. Angalau nyati hahamii kwa wakwe.

Nisalimie mkeo, watoto, dereva wako, na karani, ambaye natumaini chai yake haijapoa.

Ni mimi, mkazi wa Kusumdara hadi kufa,
Girdhari Lodhi

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu posta iko Barkhera. Nilikuja nayo mwenyewe, na mke wangu Sukhrani akang'ang'ania kunifuata. Tulisema tutamwona mtoto kidogo tu, kisha turudi. Kesho yake Sukhrani alipanda basi kwenda kwa daktari wa macho, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi na miwani, akanitazama, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Mtoto amelala mapajani mwangu ninapoandika haya, na wakwe wametupa chumba cha mbele. Hii ni wiki ya tatu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, palipoandikwa watu sita, tafadhali pasomeke wanane.