Sura ya Mwisho, Nakala Moja Tu Duniani

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mshairi kaja dukani kutoa fotokopi moja, kisha akakaa dakika arobaini. Kisa? Shairi lake limenunuliwa! Na watu saba! Yule yule ambaye kwenye kikao chetu cha waandishi cha Jumamosi watu humpigia makofi ili akae chini.

Anasema ameliweka kwenye blokicheni. Nikajifanya najua. Akanieleza hata hivyo, polepole, kama anamwelekeza mgeni choo kilipo. Kazi inaandikwa kwenye daftari la mtandaoni lililosambazwa kwenye kompyuta nyingi, hakuna anayeweza kulifuta. Kila nakala ina namba yake na mmiliki wake, watu wanazikusanya kama stempu. Hakuna mchapishaji. Hakuna barua za "tunasikitika kukujulisha".

Barua hizo ninazo kumi na nne. Kijiba cha roho kimenikaa mpaka jioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Mshairi kauza nakala saba. Mimi nitauza moja. Moja tu duniani! Riwaya yangu ina sura ishirini, miaka sita ya jasho, na muuaji hajulikani mpaka sura ya mwisho. Sura kumi na tisa nitazigawa bure. Ya ishirini nitaipiga mnada, na atakayeshinda ndiye pekee atakayeweza kuifungua. Watatoana roho.

Mke wangu, fundi cherehani, kaniuliza akiwa na pini mdomoni kama nitabaki na nakala yangu. Nikamwambia haelewi maana ya adimu. Akajibu kwamba anaelewa vizuri sana maana ya mume wake.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imefanyika, saa ya chakula cha mchana, Bosi akiwa ametoka. Nimefungua pochi ya kidijitali, ndimo inamokaa kazi na pesa za mauzo. Sura kumi na tisa nimezigawa mtandaoni, ya ishirini nimeipandisha, mnada unafungwa kesho saa kumi na mbili jioni. Halafu, kwa heshima ya neno adimu, nimeifuta kwenye kompyuta. Kurasa zilizochapwa nimezipitisha kwenye mashine ya dukani ya kukatakata karatasi. Nilipiga mluzi mpaka ukurasa wa mwisho. Ni furaha.

Jambo moja limenikera. Pochi inakupa maneno kumi na mawili ya siri, ndiyo ufunguo wake, uyaandike pembeni. Nilitarajia kitu cha maana. Loo! Chura, ngazi, huruma, kabati... Hakuna kitenzi hata kimoja! Na chura anatafuta nini karibu na huruma? Mimi ni mwandishi, siwezi kutunza kitu kibovu hivyo kwa mwandiko wangu. Nimeyahariri. Chura katoka, kaingia machweo. Kabati nimelipeleka mwisho, linafunga vizuri. Sasa yanasomeka. Rasimu ya kwanza nimeitia mashineni.

Ijumaa, 7 Machi

Jamani!

Asubuhi simu ilijaa, haipigi hata picha. Nikafuta programu chache, ya pochi ikiwemo, nikairudisha baada ya dakika tano. Ikaniomba maneno kumi na mawili. Nikaingiza. Ikakataa. Nikaingiza tena, kwa hisia zaidi. Ikakataa. Nikajaribu kumrudisha chura, lakini wapi! Sikumbuki alikuwa wa ngapi, na mengine matano nilishayabadilisha. Nikawaandikia wahudumu. Wamejibu kwa adabu kwamba ufunguo huo wao hawana, na hakuna mwingine aliye nao duniani. Angalau hicho nimekifanya adimu.

Sura yangu! Nimeiandika mimi na siwezi kuifungua. Njia ni moja: nishinde mnada wangu mwenyewe. Nikafungua pochi nyingine. Inataka kwanza kuhakiki kitambulisho changu, saa ishirini na nne. Na mnada umebaki na saa sita! Kwa bahati, asipotokea mtu unaongezwa siku moja. Nimeshinda kutwa nyuma ya mashine ya fotokopi nikiomba nisipate mnunuzi. Bosi kaniuliza kama naumwa.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na tano katokea mmoja, kwa bei ya kipande cha sabuni. Mshairi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga moyo konde, nikaenda kwake kabla ya kikao. Kafungua mlango meno yote nje. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwomba anitumie sura, hata picha za kurasa tu. Akasema sawa, bure kabisa, ila niusome utenzi wake mpya mbele ya kikao. Wote. Unahusu goti lake la kushoto. Beti sitini na nne!

Nimeusoma, tena nimesimama. Kwenye ubeti wa arobaini alinirudisha nyuma, eti sikuutia uchungu. Nikamwambia uchungu ninao wa kutosha. Watu walitokwa machozi kwa kucheka. Tulipomaliza akanitumia sura, akaninong'oneza kwamba muuaji alimjua tangu sura ya tatu.

Nyumbani nimeisoma mezani, katikati ya vitambaa vya mke wangu. Nililia kweli. Miaka sita, na nilidhani nimeipoteza. Nilipomsimulia kisa cha yale maneno hakunicheka. Kasimamisha cherehani, akaniambia kwamba ameipenda riwaya hii tangu ilipokuwa kurasa kumi. Akanisihi maneno ya pochi mpya nisiyaguse, niyaweke mahali pasipopotea.

Nimemsikia. Safari hii nimemsikia.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Riwaya nzima, sura zote ishirini, nakala mia moja, ipo kwenye blokicheni tangu saa tatu asubuhi. Hata Bosi kanipa mkono.

Pochi mpya ilinipa maneno yake kumi na mawili, mabaya kuliko yale ya mwanzo, kuna hata pancha. Sikugusa herufi. Na nimeyaweka mahali ambapo hata moto hauyafikii: ndani ya riwaya yenyewe, ukurasa wa shukrani, moja mpaka kumi na mbili, kwa mpangilio wake. Yamo kwenye daftari lisilofutika! Mke wangu bado sijamwambia. Nataka aone mwenyewe jinsi nilivyomtii.

Mshairi ndiye mnunuzi wa kwanza. Kanipigia, sauti laini ajabu. Kauliza kama yale ya kwenye shukrani ndiyo yenyewe, neno kwa neno. Nikamwambia ndiyo, na sasa nani mjinga? Akanisihi nisibadilishe kitu. Nikamcheka. Hata nikitaka haiwezekani! Akakata simu, eti ana haraka.

Wivu utamuua yule.