Sampuli ya Mafuriko

Wananchi wa Garsen walitangaziwa kuundwa kwa Kamati ya Kuchunguza Maana. Mwenyekiti, Bwana Gershom Komora, alitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti, gambuti miguuni, mvua za Elnino zikimnyeshea.

Chanzo kilikuwa ujumbe wa redio wa chifu wa ng'ambo ya mto: "We are swamped!" Mtu wa papara angetuma boti. Gershom hakuwa na papara, alikuwa na diploma. Alijua neno hilo la Kiingereza lina maana mbili: kuzidiwa na maji na kuzidiwa na kazi. Sasa chifu alizidiwa na nini? Boti ya serikali haiwezi kuchezewa na watu wa mafumbo, kwa hiyo ilibaki uani chini ya turubai.

Kesho yake alifika Mbodze, mkulima wa huko ng'ambo, viganja vimechubuka kwa kafi.

"Mheshimiwa, mama yangu na wanangu wako juu ya paa. Kamtumbwi kangu hakatoshi. Tupe boti, tafadhali."

"Pole, mama. Umeleta sampuli?"

Mbodze alichota maji hapo hapo mlangoni, akaweka jerikeni mezani. Gershom aliyakagua kwa makini.

"Haya yametulia. Mafuriko hayatulii. Tena aliyezama hafiki kikaoni. Kamati inaona chifu ana kazi nyingi."

"Kazi gani, na ofisi yake imekwenda na maji?"

"Basi hana kazi. Neno limefutwa."

Mbodze alimeza hasira, akarudi kwenye kamtumbwi kake. Gershom alijisikia fahari, akasambaza uamuzi huo kwa ofisi zote za juu uwe mwongozo.

Jioni mwenyekiti alikuwa juu ya kabati, gambuti zimejaa maji, akipiga kelele redioni: "We are swamped!"

"Pole na kazi," makao makuu yalijibu. "Tuma sampuli."

Boti ikapita dirishani na turubai lake, bila mtu, ikielekea Kipini. Nyuma yake akaja Mbodze, amepakia watoto wawili.

"Mama, nazama!"

"Kwa maana gani, mheshimiwa?"

"Ya maji! Wallahi, ya maji!"

Mbodze alimtazama, akacheka kidogo, japo machozi yalikuwa karibu.

"Jerikeni yangu bado unayo? Mwaga, funga kifuniko, uikumbatie. Itakushikilia. Nikishamleta mama, nitakurudia."

Gershom alimwaga ushahidi.