Miguu Isiyofika Chini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeanguka tena. Steji ya bodaboda ya Malaba, mchana kweupe, pikipiki ikiwa imesimama. Mtu akianguka akiwa mwendoni anahurumiwa. Mimi nilikuwa nangoja lori lipite tu. Nikanyoosha mguu wa kulia kutafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Tukainama polepole, mimi na pikipiki, kama mti unaokatwa na mtu asiye na haraka. Matanboi, wasaidizi wa madereva wa malori yaliyopanga foleni ya Uganda, walishuka kutazama. Mmoja aliniokota kwa kola kama paka.

Pikipiki ni ya nguvu, ya kubeba mizigo. Niliichagua mwenyewe kwa sababu ni ndefu kuliko ya Emojong. Sijutii. Ila nikiikalia, ni ncha za vidole tu zinagusa lami, tena mguu mmoja kwa zamu.

Emojong ndiye mwenyekiti wa steji. Mrefu kama nguzo ya stima, na akili imekaa huko juu inapigwa na upepo. Alitangaza mbele ya wote kwamba Jumamosi kutakuwa na ukaguzi. Dereva ambaye miguu yote miwili haikanyagi chini atabeba mizigo, hatabeba binadamu. Sheria nzuri. Ina mtu mmoja tu ndani yake. Wote wakanigeukia. Kwenye steji jina langu si Eriaku. Wananiita Nusu Lita.

Nikikatazwa abiria, nitamwambia nini Mama Benedetta? Kila asubuhi nampeleka Busia na thamosi yake ya uji. Mume wake, Mzee Oriokot, amelazwa huko kwa ugonjwa wa mapafu, na hanywi uji wa mtu mwingine. Abiria wengine nimewahi kuwaangusha, nakubali, ni kwa sababu wanajitikisa. Mama Benedetta sijamwangusha hata siku moja. Mama mrefu, mzito kiasi, na bado kwenye kila makutano pikipiki inasimama imara kama meza. Huo ni ujuzi. Emojong hauoni.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Kama miguu haiwezi kushuka, kiti kitashuka.

Nilienda kwa Perez, yule dada anayeshona viti karibu na maegesho ya malori. Aliniambia nikalie pikipiki, akainama, akatazama mapaja yangu bila aibu. Akasema tatizo si urefu peke yake, kiti ni kipana mbele, kinanipanua miguu kabla haijafika chini. Apunguze sponji kidogo juu, achonge pembeni, ashone upya. Nimwachie siku mbili.

Siku mbili! Na ukaguzi ni Jumamosi. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria. Nilienda nyumbani, nikachukua kisu cha jikoni cha Asio, mke wangu, nikafungua kiti mwenyewe. Sponji ni kama mkate, unakata tu. Nilikata. Upande wa kushoto ukawa chini kuliko wa kulia. Nikasawazisha kulia, kushoto kukaonekana kumepanda. Nikasawazisha kushoto. Nilipomaliza, sehemu ya dereva ilikuwa imebaki unene wa chapati, na ya abiria imesimama nyuma kama kilima.

Asio alitazama lile rundo la sponji akauliza kama nimechinja kondoo. Kisha akauliza kisu chake kiko wapi.

Miguu imeshuka kidogo. Visigino bado viko hewani. Matako yangu sasa yanajua kila chuma kilicho chini ya kiti.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre alinipaka majivu akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Nilirudi kabla ya saa sita.

Ilikuwa hivi. Kiti kimefanya kazi yake, kwa hiyo kilichobaki ni viatu. Fundi wa viatu sokoni alinigongomea soli za tairi la lori, moja juu ya nyingine. Nikavaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama Asio machoni bila kuinua kidevu. Alirudi hatua moja nyuma, nafikiri kwa heshima.

Asubuhi nilimbeba Mama Benedetta, yeye pia na majivu yake kwenye paji la uso. Kwa sababu ya kile kilima cha sponji aliteleza akanilalia mgongoni njia yote, na hakulalamika. Alisema tu kwamba mzee sasa anakunywa vijiko vichache, analala, anaamka anauliza kama ng'ombe wamepewa maji. Waliuza ng'ombe zamani. Kila tuliposimama, pikipiki haikutikisika. Nikasema moyoni, viatu hivi ni dawa.

Kurudi nilikuwa peke yangu. Karibu na foleni ya malori nikataka kupunguza gia. Soli iligoma kuingia chini ya kikanyagio. Nikasukuma, ikaingia, ikakataa kutoka. Nikasimama. Mguu mmoja umefungwa kwenye gia, mwingine unatafuta lami upande usiofaa. Tukaenda chini wote, pikipiki, viatu na majivu.

Emojong ndiye aliyenitoa mguu. Hakucheka. Hilo ndilo liliniudhi zaidi. Alisema, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, niende kwa Perez. Sasa hata Perez ni mtu wake!

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeshinda.

Kuna fundi anaitwa Opio, anavuka kutoka Tororo kuja kutengeneza pikipiki upande wetu. Nilimwambia atoe shoki za nyuma, zile springi mbili zinazobeba kiti, aweke fupi za pikipiki ndogo. Alikuna kichwa. Alisema inawezekana lakini nisibebe mtu nyuma. Shoki hizo ni laini, abiria akikaa tairi litapanda ligonge madigadi. Nikamwambia yeye afunge, mambo ya abiria ni yangu. Akasema, "Sawa boss, lakini mimi nimesema." Mafundi wote wanapenda kusema kwamba wamesema.

Akafunga. Nikapanda. Nyayo mbili, visigino viwili, chini! Nilikaa hapo muda mrefu, nikikanyaga na kuinua, kukanyaga na kuinua. Karibu nilie.

Nilienda moja kwa moja hadi steji, nikaegesha kando ya pikipiki ya Emojong ili aone. Sikujua kwamba ukishusha pikipiki, stendi yake inabaki na urefu wa zamani. Badala ya kulalia stendi, ilisimama wima, ikafikiria, kisha ikaanguka upande wa pili. Iliangukia ya Emojong. Ya Emojong ikaangukia ya jirani. Mstari mzima ulilala, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kiosk ya chai.

Nimechomelewa stendi fupi kwa mtu anayechomelea mageti. Ameikata mno, sasa pikipiki inalala karibu na ardhi kama mbuzi mgonjwa. Lakini inalala bila kuanguka.

Jioni Mama Benedetta alipiga simu. Muuguzi amemwambia mzee amekataa kila kitu leo, na kesho aje mapema iwezekanavyo. Nikamwambia asijali. Kesho atapanda pikipiki iliyo salama kuliko zote Malaba.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Nilimchukua mapema, giza lilikuwa linaondoka. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alipokaa tu, nyuma ilizama, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani ni jiwe. Tukaenda. Harufu ya mpira ulioungua ikatufuata. Karibu na Adungosi tairi la nyuma lilipasuka. Boliti ya madigadi ilikuwa imelikata pande zote, vizuri kabisa, kama mtu aliyetumia rula.

Mama Benedetta alishuka, akasimama kando ya barabara na thamosi mikononi. Nilimwambia ni dakika kidogo tu. Nikaanza kufunga madigadi kwa kamba za mpira ili niivute juu, kisha nitafute wa kuziba tairi.

Hapo ndipo Emojong alipopita akitoka kumpeleka mtu. Alisimama. Alimwambia mama apande, atamfikisha Busia sasa hivi. Nikasema hakuna haja, yangu iko tayari. Ilikuwa karibu tayari. Emojong alimtazama mama, mama akanitazama mimi. Kisha akamwambia Emojong, "Wewe nenda tu, baba. Ngoja nimngojee kijana, ndiye tumezoeana naye."

Emojong akaondoka. Nilifurahi. Naandika hapa kwamba nilifurahi.

Tairi lilizibwa. Tulipanda, likakatwa tena kabla hata hatujalipita soko la Adungosi. Wakati huo jua lilikuwa juu. Mama alisimamisha boda nyingine, akaenda na mtu asiyemjua.

Nilisukuma pikipiki hadi nyumbani. Asio alikuwa mlangoni. Alisema Mzee Oriokot ameaga. Mama alipofika wadi, walikuwa wameshamfunika.

Jumamosi, 8 Machi

Hakukuwa na ukaguzi. Steji nzima ilikuwa kwenye matanga. Nilikuwa nimefunga tairi zima na kuegesha mahali pa wazi, ila hakuna aliyekuja kutazama miguu yangu.

Emojong alikuwa anafunga turubai. Nilimwambia niko tayari kukaguliwa. Akasema niende kwanza nikampe mama pole.

Mama Benedetta alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake wa kanisa, miguu yake mirefu ameinyoosha mbele. Aliniita nikae karibu. Nilianza kueleza kuhusu boliti, jinsi mtu hawezi kuona boliti iliyo ndani ya madigadi, jinsi Opio alivyofunga vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema muuguzi amemwambia mzee alikuwa na nguvu kidogo asubuhi. Aliuliza mara mbili kama uji umefika.

Nilisema barabara ile ni mbaya.

"Eriaku," akasema, "pikipiki uliishusha kwa nini?"

"Ili nifike chini, mama. Kwa usalama wako."

Aliufuta mkono wake kwenye leso.

"Mwanangu, tangu nianze kupanda kwako, ni mimi ndiye ninayeweka mguu chini. Ukisimama, naushusha. Ukiondoka, naurudisha. Mzee alijua. Tulipokuwa tukipanda wote wawili, ni yeye aliyekuwa anashusha wake. Akanikataza kukwambia. Alisema kijana akijua atavunjika moyo."

Wanawake wa kanisa walitazama mkeka. Nilimwambia asante. Nafikiri nilisema asante. Nikainuka nikaenda kusaidia kupanga viti, nikavipanga, na mtu mwingine akaja nyuma yangu akavipanga upya.

Jumanne, 11 Machi

Tumemzika Mzee Oriokot. Mvua ilinyesha juu ya kaburi na kwaya haikusimama. Emojong ndiye aliyembeba mama kutoka kanisani hadi boma. Nilimwangalia mahali waliposimama kupisha gari la jeneza. Miguu yote miwili ya mama ilibaki juu, imetulia kwenye vikanyagio. Emojong alikuwa amesimamisha pikipiki peke yake.

Baada ya chakula Perez alinifuata. Alisema mama amemwomba anitengenezee kiti, na atakitengeneza bure, na Opio atarudisha shoki za kawaida. Nimletee pikipiki kesho. Nilimshukuru. Nikamwambia haitahitajika.

Kwa sababu nimelifikiria jambo hili wakati wote wa mazishi na sasa naliona wazi. Nilipunguza kiti, haikufaa. Niliongeza viatu, haikufaa. Nilishusha shoki, na tumeona. Kosa langu lilikuwa moja tu, kushughulika na pikipiki. Pikipiki haina shida. Mimi sina shida. Kilicho chini mno ni ardhi.

Wanaotengeneza barabara wameacha rundo la murram, ule udongo mwekundu wa kujazia barabara, karibu na steji. Jioni hii nimebeba kidogo kwa karai, nikaimwaga mahali ninapoegesha, nikaishindilia kwa miguu. Nikapanda juu yake. Visigino vimefika! Bila fundi, bila kukata chochote. Kilichobaki ni kufanya hivyo kila mahali ninaposimama, kila makutano, mpaka lango la hospitali. Mama Benedetta akipanda kwangu hatashusha mguu tena maishani mwake.

Nimemweleza Asio. Alikuwa anachagua maharagwe. Aliniambia, bila kuinua macho, kwamba Mama Benedetta hana tena safari ya Busia.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mvua imeanza tena, na murram ikilowa inaondoka, kwa hiyo lazima niwahi. Kesho asubuhi naanza na makutano ya Adungosi. Karai haitatosha. Nitaazima wilbaro kwa Emojong.