Mtihani wa Mirihi kwa Abiria wa Newburg

Kwa heshima na taadhima, Kamati Kuu ya Uratibu wa Wageni wa Louisville, Columbus na Buffalo inautangazia umma kwamba zoezi la kusoma kitabu limefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha. Mimi ndiye Katibu, Balagizi. Mengine mliyosikia kanisani ni maneno ya mtaani.

Zoezi lilianza pale Mwenyekiti wetu, Bwana Ruhimbika, aliporudi kutoka ziara ya Columbus. Huko Westerville alikutana na Kamau, Mkenya anayesoma chuo kikuu, aliyemwonyesha riwaya ya zamani ya kisayansi: watu wa dunia wanahamia Mirihi, wanajenga miji, wanagombana. Mwenyekiti alitazama jalada kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hawa ni sisi." Wajumbe wa Buffalo, waliokuwa wamezikwa na theluji, waliafiki kwa simu. Tukapitisha azimio: kila mkimbizi mpya atajifunza kitabu hicho na kufanya mtihani wa mdomo. Akifaulu, atapewa kiti katika basi dogo la jumuiya linalotoka Newburg, mtaa wetu hapa Louisville, kwenda maghala ya Jeffersontown.

Wapo waliouliza Mirihi inahusiana nini na kufunga maboksi. Tuliwajibu kwamba uhusiano upo na unashughulikiwa.

Mama Kanyana, mjane aliyefika kutoka kambini miezi mitano tu iliyopita, alikuwa na kiti tayari. Tulimwondoa ili asome kwa utulivu. Akawa anaenda kazini kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, kando ya barabara ambayo aliyeijenga hakutegemea kwamba binadamu ana miguu. Kule ghalani kuchelewa ni pointi, na pointi saba ni kufukuzwa. Alinijia akiwa na tano.

"Katibu, nipe kiti hata wiki moja."

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

"Nikifukuzwa, batoto batakula utaratibu?"

Niliandika swali lake kwenye kumbukumbu kama maoni ya mdau.

Mtihani ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa. Kamau alikuja kutoka Columbus kuuliza maswali. Buffalo walikuwa mezani, ndani ya simu. Mama Kanyana aliingia na buti za kazini na pointi sita.

"Mama, walowezi walifanya nini siku ya kwanza?" Kamau akauliza.

"Bon. Balipima hewa, balikuta haitoshi. Halafu balichagua mukubwa. Hewa ilikuwa bado, lakini mukubwa alikuwa tayari."

Watu wakacheka. Niliwaomba wacheke kwa utaratibu.

"Huyu mama anakijua chapter by chapter," Kamau alisema. "Umekisoma wapi?"

"Sikusoma. Laiburari balinipa sauti yake kwa Kifaransa. Nasikiliza nikitembea. Siku kumi na moja kikaisha, nikakianza tena."

Mwenyekiti alipoona sifa zinaelekea kusikotakiwa, alisimama. "Kama mnavyoona, programu yangu..."

"Mwenyekiti," Mama Kanyana akamkatiza kwa adabu, "kuna pahali miye sikuelewa vizuri. Ile siku maji ilikwisha, mukubwa wao alifanya nini?"

Mwenyekiti hakusita. "Aliunda kamati."

"Hapana, Mwenyekiti," Kamau alisema. "Alipanda roketi ya mwisho akarudi duniani. Iko katikati ya kitabu, huwezi kuimiss."

"Ndiyo. Aliunda kamati akiwa ndani ya roketi."

Simu ikakohoa. Alikuwa Cikuru, mjumbe wa Buffalo. "Mwenyekiti, weye umefika ukurasa wa ngapi?"

"Donc... niko bado na jalada."

Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Mwenye kufeli hapandi!" Pendekezo likapigiwa kura papo hapo: Mama Kanyana awe Mtahini Mkuu, na kila abiria, wakubwa kwanza, ajibu mbele yake. Mikono arobaini na mmoja ilinyooshwa. Wangu nao ulionekana juu. Nilikuwa najinyoosha.

Jumatatu asubuhi Mama Kanyana alikaa kiti cha mbele, ambacho kwa itifaki ni cha Mwenyekiti. Mimi, ambaye zamu yangu ya kujibu ilikuwa bado, nilikaa nyuma kabisa, nimeinama, nikikagua sakafu. Karibu na Jeffersontown tulimkuta Mwenyekiti kando ya barabara, eafoni masikioni, jasho linamtoka kwenye baridi. Maana naye, nje ya saa za uongozi, hufunga maboksi kama sisi sote.

"Simama," Mama Kanyana alimwambia dereva. Akafungua dirisha. "Umefika wapi?"

"Sura ya tatu," Mwenyekiti alijibu akihema. Nilitegemea aanze hotuba. Hakuanza. "Yule mama wa mule ndani, ule mwenye alizika mwanaye kule mbali... Nimeshindwa kuendelea. Nimesimama pale kwa mti nikalia."

Mama Kanyana alimtazama kidogo. "Panda, baba. Utapata pointi."

Dereva akasema basi limejaa. Mama Kanyana akageuka polepole hadi macho yake yakanifikia.

"Na weye, Katibu? Huyo mutoto alikufa na nini?"

"Swali lako limepokelewa, mama. Linafanyiwa kazi."

"Shuka."

Taarifa hii ninaiandika kando ya barabara, ambako Kamati imefungua ofisi ya muda.