Mwenye Sungura Aje na Mbuzi

Kindu, karibu na stesheni

Kwa Bwana Florentin, Wakili wa Kampuni ya Maziwa Pipo, Kinshasa

Bwana Wakili,

Pokea salamu za heshima. Barua yako imefika, nami nimefurahi kama mtu aliyeletewa habari za shemeji aliyepotea. Unasema sungura ninaowafuma kwa kroshe na kuwauza sokoni ni mali ya kampuni, kwa kuwa sura yao ni ya yule aliyechorwa kwenye kopo lenu la maziwa. Unataka niache kuwauza na niwakabidhi wote, hata yule wa kwanza, anayelala chini ya mto wa binti yangu Riziki. Sibishi. Sura ni ileile, masikio ni yaleyale. Mtoto akipata baba ni jambo la heri. Ila nina malalamiko machache.

1. Baba amechelewa. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja, tulikimbilia porini upande wa Pangi na kopo moja la Pipo, tupu. Riziki alilia maziwa mpaka akawa anamlamba sungura wa kwenye kopo. Iliniuma. Nikafumua sweta langu, nikakunja spoki ya baiskeli ikawa sindano, nikamfumia sungura wa kushika. Siku hizo sikumwona wakili akija kuulizia damu yake.

2. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwetu anayedai mtoto aliyekwisha kulelewa haandiki barua. Anakuja na wazee wake, mbuzi, na kitenge cha mama, anaketi mkekani, anaulizwa alikuwa wapi. Wewe umeleta muhuri. Kaka yangu Okito, msemaji wa ukoo, alikuwa amekwisha kunoa kisu cha kumchinjia mbuzi.

3. Karani wenu Henri, aliyeniletea barua yako, alinisomea vitisho vyote akiwa amesimama, kisha akachagua sungura wawili wa watoto wake na kuomba bei ya ndugu.

4. Wachimbaji wa migodi ya Kampene na Kama huwanunua sungura hawa kuwapelekea watoto waliowaacha nyumbani. Kwa hiyo kampuni imekuwa shemeji wa mkoa mzima wa Maniema. Msiba ukitokea popote penye sungura, tutawangoja matangani na mchele wenu.

Basi njoo, mbuzi mmoja kwa kila sungura, nawe utawachukua wote, na wa kwanza akiwemo.

Wasalimie mkurugenzi, makarani, na mchoraji aliyemzaa sungura.

Ni mimi mlezi wa watoto wako,
Mama Germaine

Nyongeza: Riziki, ambaye siku hizi naye ni mama, ameisoma barua kabla sijaifunga. Akamtoa sungura wake, akamweka kando ya lile kopo. Bwana Wakili, hawafanani. Sikio moja ni fupi, maana sweta liliisha. Jicho ni kifungo cha shati la marehemu mume wangu, tuliyemzika hukohuko porini. Nikamkumbusha Riziki kwamba mbuzi ni mbuzi. Akanijibu: «Mama, huyu baba yake tunamujua.»

Usije. Okito nimemwambia arudishe kisu jikoni.