Gari Jekundu la Kwenda Kamanga

Jumatatu, 5 Julai 1993

Leo ni wiki ya kumi na moja tangu mke wangu Suzana avuke ziwa kutoka Mwanza kwenda kwa kaka yake kule Kamanga. Hakugomba. Afadhali angegomba! Alikunja kanga zake, akasema amechoka kusubiri mipango yangu iive, akaondoka. Binti yetu Winnie yuko shule ya bweni, na nyumba imekuwa kubwa. Nasikia hata kijiko kikianguka kwa jirani.

Lakini mpango upo! Mzee Otuoma wa Butimba, zamani dereva wa bosi wa kiwanda cha pamba, ana gari la michezo aliloachiwa na bosi huyo. La Kiingereza, la mwaka sitini na tano, jekundu, viti viwili, halina paa. Enzi za uchumba mimi na Suzana tulisimama kando ya barabara tukaliona likipita, naye akaniminya mkono. Hajaniminya tena namna ile.

Injini nzima. Bodi ndiyo mbovu. Ukuta wa banda uliliangukia, ukabonyeza mlango wa kushoto na madigadi ya juu ya gurudumu, kutu ikamalizia. Nikampa mzee shikamoo, nikamwambia mimi ni fundi bodi. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani wa mizani ya pamba mpaka tulipopunguzwa kazi. Hakuniuliza. Tumekubaliana: nikilinyoosha, ananiazima Jumapili moja. Nitavuka nalo nimrudishe Suzana kama malkia.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Watu wako uwanjani, mimi niko na nyundo. Nimepiga bonyeo la mlango kwa nguvu zangu zote. Limetoka! Limetokea upande wa pili. Palipokuwa na bakuli sasa pana kichuguu. Mzee Otuoma aliushika mlango kama anayepima homa ya mtoto, akaniomba nisipige kwa hasira. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya.

Mchana akapita Nestory, fundi bodi wa Mirongo. Tulisoma darasa moja. Tangu biashara ziwe huru ana makopo ya puti ya kuzibia mabonde, kutoka Dubai, na mdomo usiofungwa. Akasema bati halipigwi, linabembelezwa. Unaligonga kidogokidogo kutoka ndani, umeshikiza chuma upande wa nje, maana bati linakumbuka lilivyokuwa na linataka kurudi. Akajitolea kunisaidia, bure. Nikamshukuru, nikamfukuza. Fundi wa gari hili ni mimi! Ila hayo ya bati kukumbuka ni matamu. Nitamwambia Suzana kama yangu.

Ijumaa, 9 Julai

Puti sina. Nestory anayo, kwa hiyo kwangu haipo. Nimevumbua yangu: unga wa muhogo, gundi ya seremala, vumbi la mbao. Nimesonga kama ugali, nikajaza mabonde yote na matundu ya kutu. Jua la Julai likakausha. Nikapiga msasa. Laini kama shavu! Jioni nikapaka rangi nyekundu ya mabati. Si nyekundu ileile, lakini ni ndugu.

Mzee Otuoma alilizunguka gari mara tatu. Akasema mara ya mwisho kuliona hivi alikuwa na meno yote. Kisha akageukia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Vumbi la msasa, nadhani.

Jumapili, 11 Julai

Suti ya harusi. Inabana, sipumui sana. Mjini watu walipiga makofi! Kwenye pantoni nikapangwa kati ya matenga ya kuku na mbuzi wanne wa mama mmoja wa Sengerema. Nikaenda mbele kutazama ng'ambo na kufanya mazoezi ya maneno. Upepo ulikuwa mkali, maji yakalirukia gari. Muhogo ukalainika, rangi ikapasuka. Mbuzi mmoja akanusa. Wenzake wakamfuata.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa na tundu la kupitisha mkono, na madigadi yanatafunwa! Nikapiga kelele. Yule mama akapiga kelele zaidi: mbuzi wake wakidhurika na rangi, nitamlipa mbuzi kwa mbuzi. Abiria walicheka mpaka Kamanga.

Suzana alikuwa ufukweni akinunua dagaa. Aliliona gari, akaniona mimi. Hakucheka. Alifungua kilichobaki cha mlango, akaketi, kikapu mapajani. Tukaitazama Mwanza ng'ambo, mawe yake yanawaka jua.

"Bati linakumbuka lilivyokuwa, Suzana," nikasema. "Linataka kurudi."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mimi mwenyewe."

"Baba Winnie."

"Nestory," nikasema.

Hapo ndipo alipocheka. Akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia. "Sikiliza, Baba Winnie. Jumapili ijayo njoo. Usije na gari, usije na mpango. Njoo kwa miguu, wewe tu. Tule na kaka, tuzungumze. Nitakungoja hapahapa, pantoni ya saa nne."

Nikaahidi. Nimerudi peke yangu. Kwenye kiti chake walibaki dagaa wawili. Sikuwaondoa.

Jumanne, 13 Julai

Mzee Otuoma hakunigombeza. Hiyo ndiyo mbaya. Alipitisha vidole kwenye tundu, akasema angalau gari limevuka maji, bosi hakuwahi kulivusha. Kisha akamwita Nestory.

Nimeketi kwenye jiwe nikimtazama adui yangu. Nyundo ndogo, tok, tok, tok, na madigadi yakirudi taratibu mahali pake. Akaniomba nishikize chuma upande wa nje. Nikashikiza. Saa mbili nzima sikuwa na mpango wowote. Ajabu! Karibu nifurahi.

Zimebaki siku tano. Suti nimeifua.

Jumapili, 18 Julai

Nimeyafikiria sana maneno ya Suzana. Kwa miguu! Mwanamke hawezi kumaanisha hivyo. Alikataza gari. Mashua hakuitaja! Na Shimba, mvuvi wa Kirumba, ana mashua iliyolala mchangani mwaka mzima, inataka mbao chache tu. Nikaamka alfajiri nikitegemea kuimaliza kabla ya pantoni.

Saa nne honi ikalia. Nilikuwa chini ya mashua, suti imejaa lami. Nikatoka mbio mpaka majini. Pantoni ilikuwa imeshaondoka. Nikapunga mkono, ingawa hakuna aliyeniona. Amesimama ufukweni sasa, najua, anatazama kila anayeshuka. Niliketi kwenye mchanga mpaka pantoni ikawa doa, kisha ikawa si kitu.

Lakini fikiria uso wake Jumapili ijayo, nitakapotokea na mashua yenye jina lake ubavuni! S nimeshaichora. Imegeukia nyuma kidogo.