Neno Fahari kwenye Harusi ya Senka

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu Senka ameuliza kama tutafute mkalimani. Jumamosi anaolewa na Arkadi, Mrusi, na wakwe wanafika Ijumaa. Mkalimani! Kwangu mimi, Radivoj, Mserbia! Nimemwambia Kiserbia na Kirusi ni ndugu tumbo moja. Mkate kwetu hleb, kwao hleb. Maji ni voda, huku na kule. Kujifunza nini tena? Jirani Etelka, Mhungaria aliyefundisha Kirusi hadi akastaafu, kajitolea kusaidia. Nimekataa kwa adabu. Lugha yake si ya ukoo wetu hata kidogo. Atanifunza nini?

Jumatano, 5 Juni
Bango limekamilika. Meta nne, herufi nyekundu, neno moja tu: PONOS. Fahari! Nimelibandika neno hilo pia kwenye chupa sitini za rakija, pombe yangu kali ya plamu. Etelka kapita, kasoma, kakohoa. Eti, "Jirani, hilo neno ungeuliza kwanza." Wivu mtupu! Nimemwambia fahari haiombewi ruhusa.

Ijumaa, 7 Juni
Wageni wamechelewa kwa saa tatu. Walipiga simu wakiwa njia panda, nikawaambia pravo, pravo tu, yaani nyooka. Wao, kwa Kirusi chao, wakasikia mkono wa kulia. Wakakata kulia, tena kulia, hadi katikati ya alizeti za watu. Trekta ndiyo imewatoa. Senka hasemi nami. Nimemweleza kwamba neno wamelipotosha Warusi, sisi tumelitunza.

Jumamosi, 8 Juni
Harusi. Bi Zinaida, mama yake Arkadi, kaliona bango, kaziba mdomo. Upande wao wote hawagusi chakula. Vyungu vitatu vya sarma, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi! Rakija ndiyo kabisa, hata kuinusa. Nikaona wanaona haya. Nikapanda kiti, nikapiga kifua: nina ponos, nyumba yetu nzima ina ponos, na leo tunawagawia nanyi!

Arkadi akafunika uso. Senka machozi yanamtoka. "Baba, shuka! Kwao hilo neno ni kuhara!"

Nikashuka kitini. Harusi ya mwanangu, nami ndiye niliyeiharibu.

Etelka akainuka, akawaeleza kwa Kirusi cha kutiririka. Bi Zinaida akacheka hadi akashikilia meza. Mumewe, Gennadi, akafungua chupa, akanikumbatia, akaniita brat. Ndugu! Hilo kwao na kwetu ni moja. Senka akanivuta tukacheze.

Jumapili, 9 Juni
Nimemshukuru Etelka. Kwa kifupi, maana nilikuwa karibu kueleza mwenyewe. Wakwe wameondoka na chupa kumi na mbili. Fahari yangu inafika Moscow!

Mchana mwanangu Vukan kapiga simu toka Helsinki. Kamchumbia Mfini! Wazazi wa binti wanakuja Agosti. Nimetazama ramani: Ufini na Urusi zimepakana. Majirani namna hiyo, lugha zitakosaje undugu? Etelka anadai Kifini ni jamaa wa mbali wa Kihungaria. Huyu mama, kila kitu anataka kiwe chake! Hotuba ya kuwapokea nimeshaanza. Inakuja yenyewe.